Jina la Mtu Lisikatwe kwa Ajili ya Kompyuta

Nataka kutoa maoni juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni majina tuyatumiayo tunapoandika hifadhidata katika kompyuta.

Hifadhidata ni kama daftari la mahudhurio lenye mistari na safu, isipokuwa huandikwa na kusomwa kwa amri. Lugha ya amri hizo, SQL, ilitungwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM huko Marekani, wakaitangaza mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL. Baadaye jina hilo lilifupishwa, kwa sababu kampuni moja ya Uingereza ilikuwa imekwisha kulisajili. Basi lugha hii yenyewe ilianza maisha kwa taabu ya jina!

Muhula uliopita nilitengeneza orodha ya wanafunzi wa bweni letu. Safu ya kuonyesha nafasi ya mwanafunzi darasani nikaiita "order", nikidhani Kiingereza ndicho kinachoifaa kompyuta. Mashine ikakataa, ikasema nina kosa la sintaksia. Nilihangaika jioni nzima nikitafuta mkato niliousahau, kumbe neno hilo ni mali ya SQL, na kazi yake ni kuamuru vitu vipangwe kwa taratibu. "Group" nalo ni hivyo hivyo. Nilipoandika "nafasi", mambo yakatulia.

Tangu siku hiyo nasema wazi: safu zetu tuzipe majina ya Kiswahili. Ni nadra sana yakagongana na maneno ya SQL, tena walimu na wazazi huyaelewa. Lakini tuwe waangalifu. Ukiandika tarehe-ya-kuzaliwa, mashine huviona vile vistari kuwa ni alama za kutoa, kama katika hesabu. Na ukiyaachanisha maneno, huyaona kuwa ni vitu mbalimbali. Yafaa tuyaunge kwa mstari wa chini: tarehe_ya_kuzaliwa.

Hayo ni majina ya safu, nasi tuna hiari ya kuyachagua. Majina ya watu ni jambo jingine. Hapa Tandala wengi ni akina Sanga, Mahenge, Tweve na Chaula, na orodha yangu iliwapokea wote bila neno. Kisha nikamfikia mwenzetu mmoja aliyetoka Usukumani, ambaye jina lake huanza na Ng', mashine ikagoma tena.

Sababu ni hii. Katika SQL, jina la mtu hufungwa kati ya ritifaa mbili, yaani ile alama ndogo ya juu. Tuchukue jina la Bwana Pius Ng'wandu, aliyepata kuwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu wa nchi yetu. Ukiandika 'Ng'wandu', kompyuta hudhani jina limekwisha penye Ng, na ile "wandu" iliyobaki haijui ni amri gani. Hata jina la waziri wa sayansi halisalimiki!

Rafiki yangu akanishauri, "Iondoe tu hiyo ritifaa, nani atajua?" Nakiri nilikaribia kukubali. Lakini mwenye jina alikuwa amesimama nyuma yetu, akasema, "Basi hilo si jina la babu yangu." Nikaona haya. Kwa hakika ng' na ng si sauti moja: kung'oa ni kuondoa kitu pamoja na mizizi yake, na ngoa ni wivu. Tena mtu ambaye jina lake limeandikwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa na namna nyingine katika cheti cha shule huenda akalazimika kutafuta hati ya kiapo, kuthibitisha kwamba watu hao wawili ni yeye mmoja.

Dawa ipo, wala si ngumu. Ritifaa iliyo ndani ya jina huandikwa mara mbili, 'Ng''wandu', na kompyuta huihesabu kuwa moja. Njia iliyo bora zaidi ni kuitengeneza programu ipeleke amri mbali na jina mbali, ili jina lisisomwe kamwe kama amri. Njia hiyo huziba pia mwanya wa wezi, kwani mahali ambapo ritifaa ya mtu mwema huvuruga amri, mtu mwovu huweza kupenyeza amri yake mwenyewe, akaiba au akafuta kumbukumbu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jina la safu tulibadili tupendavyo, lakini jina la mtu tusiliguse. Kompyuta ililetwa itutumikie. Wazee walisema, jina jema hung'ara gizani. Na methali hiyo, mkiitazama vizuri, nayo ina ritifaa yake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne