Feni ikivuma, tusikimbilie kusema mashine imeharibika

Miezi kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliingia ofisini mwangu akiwa amekumbatia kipakatalishi chake mithili ya mzazi aliyebeba mtoto mwenye homa. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amekihamisha kutoka Windows 10 hadi Windows 11. Tangu hapo feni haikutulia. Ilivuma usiku na mchana, na chombo kikawa moto hata hakipakatiki. "Mwalimu, mashine imeharibika," alinieleza. Nami, kwa kuwa nilikuwa na kikao, nikamjibu kwa mkato kwamba ampelekee fundi.

Fundi aliambiwa neno lilo hilo, "imeharibika", naye akatenda alilolijua. Alifuta kila kilichokuwamo, akaweka mfumo endeshi upya na kubadilisha feni. Sura mbili za tasnifu, ambazo hazikuwa na nakala popote, zikapotea. Jioni iyo hiyo feni mpya ilianza kuvuma kama ile ya zamani. Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hiyo tulijikwaa ulimi watu watatu, nami nikiwa mmojawapo.

Ninayaandika haya kwa sababu kisa hiki hakimhusu mtu mmoja. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuiimarisha Windows 10, mfumo uliotolewa mwaka wa 2015. Walimu na wanafunzi wengi wamelazimika kuhamia mfumo mpya, aghalabu kwa kutumia vipakatalishi vya miaka mingi. Humo ndimo tunamohifadhi alama za mitihani, maazimio ya kazi na tasnifu. Chombo kikianza kunguruma baada ya uhamisho, hofu hututangulia, na hofu ni mshauri mbaya.

Yafaa kwanza tuelewe kwamba feni haiamui lolote kwa hiari yake. Ndani ya kipakatalishi mna vihisi vinavyopima joto la kichakataji. Joto likipanda, feni huamriwa kuzunguka kwa kasi ili iutoe nje ule moto. Hivyo basi, mvumo wa feni ni dalili, wala si maradhi yenyewe. Maradhi, kwa kawaida, ni mojawapo ya matatu: kazi imezidi, amri zimekosewa, au njia ya hewa imeziba. Kuhamia mfumo mpya kwaweza kuyaleta yale mawili ya kwanza. Hilo la tatu hulifichua tu, kwa maana vumbi lilikuwamo tangu zamani.

Tuanze na kazi. Mfumo mpya ukishaingia, huanza kuziorodhesha upya faili zote, kupakua nyongeza zake na kukagua virusi. Shughuli hii yaweza kuchukua saa kadhaa, pengine hata siku moja au mbili. Hii ndiyo sababu feni mpya ya mwanafunzi wangu ilivuma jioni ile: mfumo uliowekwa upya ulikuwa umeanza kazi hiyo tena. Dawa yake ni subira. Kiweke chombo juu ya meza ngumu, kiunganishe na umeme na intaneti, kisha ukiache kimalize. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litafunguka lenye orodha ya programu na asilimia ya nguvu za kichakataji ambazo kila moja inatumia. Iwapo baada ya siku kadhaa kuna programu moja inayong'ang'ania kileleni, hiyo ndiyo ya kusasishwa au kuondolewa.

Pili ni amri. Mfumo endeshi huwasiliana na vifaa kupitia programu ndogo ziitwazo draiva, na katika vipakatalishi vingi feni huongozwa pia na programu ya msingi iitwayo BIOS. Hizi zikiwa za zamani, feni yaweza kuzunguka bila haja. Zitafute katika tovuti ya kampuni iliyounda chombo chako, kwa kufuata nambari ya modeli iliyoandikwa chini yake, wala si katika matangazo yanayokurukia mtandaoni. Unapobadilisha BIOS, hakikisha betri imejaa na waya wa umeme umechomekwa, kwani kazi hiyo ikikatizwa chombo chaweza kukataa kuwaka kabisa. Kagua pia mipangilio ya nguvu. Ikiwa imewekwa kwenye kiwango cha juu kabisa, irejeshe katikati.

Tatu ni hewa. Kipakatalishi kilichowekwa juu ya godoro au blanketi huzibwa pumzi. Vumbi nalo hujikusanya kwenye matundu, na ile dawa inayopitisha joto juu ya kichakataji hukauka kadiri miaka inavyosonga. Hapa ndipo fundi anapostahili kuitwa. Hata hivyo, nakili kazi yako kwenye flashi au diski ya nje kabla hujamkabidhi chombo. Yote yakishindikana, Windows 11 hukuruhusu kurudi kwenye mfumo wa awali katika siku 10 za kwanza, ingawa utakuwa umerudi kwenye mfumo usiohudumiwa tena kama zamani.

Watakuwapo watakaouliza mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya mafundi. Jibu langu ni kwamba hasara ile ilikuwa ya lugha kabla ya kuwa ya mitambo. Neno "imeharibika" halimwelezi fundi chochote, nalo humpa ruhusa ya kufanya lolote. Ilhali Kiswahili chetu si maskini wa maneno. Feni inayovuma inapuliza hewa, hivyo tatizo huenda ni joto au kazi. Feni inayokwaruza ina kasoro katika mwili wake, nayo yafaa ibadilishwe. Feni iliyonyamaza ilhali chombo kinachoma na kujizima ni hatari, na fundi aitwe siku iyo hiyo. Kuvuma, kukwaruza na kunyamaza ni vitenzi vitatu ambavyo kila mtoto anavijua, na kila kimoja kinaashiria tiba tofauti.

Tumetumia miaka mingi kubishana iwapo tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo una nafasi yake. Hata hivyo, istilahi isiyomwezesha mtu kueleza shida yake ni pambo tu. Ninawasihi walimu wenzangu wa Kiswahili tuwape wanafunzi zoezi hili: waeleze hitilafu ya chombo chochote kwa aya moja, wakitaja ilianza lini, baada ya tukio gani, inasikika vipi na hutulia wakati gani. Mwanafunzi atakayeiweza insha hiyo hatadanganyika upesi dukani, wala hatampa fundi kazi ya kubahatisha.

Mwanafunzi wangu aliziandika upya sura zake mbili kwa muda wa miezi minne. Kama ningemuuliza maswali hayo manne kabla ya kuondoka kwenda kikaoni, pengine asingalilazimika kuandika hata sentensi moja.