Ziba Mianya Kwanza

Wadau, kuna jamaa kule Marekani wanaojiundia ndege za Van's RV-6 kwenye gereji za nyumbani. Injini ya Lycoming O-320 hupozwa na hewa: inaingia puani, inajaa juu ya injini, kisha inashuka kupitia mapezi ya silinda. Kichwa cha silinda kisizidi nyuzijoto 260 za Selsiasi.

Joto likipanda, wengine hutaka kupanua matundu ya pua. Mimi napinga! Hewa ikipata upenyo kando ya mabati yanayoiongoza, inatorokea hapo, silinda inabaki kuchemka. (Sisi waandika programu pia: memori inavuja, tunanunua nyingine.) Usiku weka taa ndani, tazama mwanga unapochungulia, paka silikoni inayostahimili joto. Ila usizibe katikati ya mapezi; hapo hewa lazima ipite.