Dawa mseto ya malaria inahitaji mafuta



Lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo katika vidonge vya mseto vya malaria, haiyeyuki vizuri katika maji. Inahitaji mafuta ili ifyonzwe utumboni. Mgonjwa asiye na hamu ya kula akimeza vidonge kwa chai ya rangi tupu, sehemu kubwa ya dawa hupotea bure na vimelea vinaweza kubaki damuni. Kikombe cha maziwa au uji wa karanga hutosha. Maziwa hayohayo, hata hivyo, huidhoofisha antibiotiki ya siprofloksasini, kwa kuwa kalsiamu huing'ang'ania isiingie damuni. Kwa kuwa kila dawa ina masharti yake ya chakula, kumwambia mgonjwa "kutwa mara mbili" kwenye dirisha la dawa hakutoshi kabisa. Wafamasia waandike kwenye bahasha ya dawa mseto: meza pamoja na chakula chenye mafuta, siku zote 3, hata homa ikishuka.