Likasi: mbwa zetu tuzifungulie wapi?



Msimu wa mvua uliopita, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, mtoto wa jirani yetu, miaka saba, alitumwa kununua mkate hapa Kikula. Usiku mvua ilikuwa imeangusha kipande cha ukuta wa matofali mabichi kwenye lupango moja, na mbwa ya ile lupango ikatoka. Ikamuuma mtoto kwenye paja.

Tulifanya nini? Ile tunafanyaka siku zote: mawe na fimbo. Kabla ya dakika kumi mbwa ilikuwa imekufa. Kisha mama mtu akaanza safari. Kituo cha afya cha kwanza, chanjo hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tatu, bei ambayo mama anayeuza makala haioni kwa mwezi mzima. Tulichanga. Sindano ya kwanza ilifika siku ya tatu, kwenye basi kutoka Lubumbashi, ndani ya termosi yenye barafu. Mtoto iko muzima leo, Mungu asifiwe. Lakini muganga alituambia neno ambalo bado linatuuma: "Sindano zinaanza siku ileile, ni kweli. Lakini kama mungeifunga tu ile mbwa, siku 10 tungejua kama ilikuwa na kichaa. Sasa mumeua jibu."

Sisi ni vijana tuliosoma. Wengi wetu tuko na lisanse, kazi hatuna, na muda tunao kupita kiasi. Ule muda tumeuweka kwenye swali ambalo linafanana na mchezo: mbwa za Likasi, tuzifungulie wapi?

Tunajua jibu la kwanza, tumekwisha kulisikia kwa mama mmoja wa sokoni: "Benye mulisoma, njo munatafutia imbwa kiwanja? Siye hatuna mayi, hatuna kuraa, munaanzia ku imbwa?" Mama, uko na haki ya kuuliza. Acha tujibu.

Hapa kwetu mbwa si pambo. Njo zamu ya maskini. Mwenye franka analipa mlinzi. Asiye nazo anafuga mbwa na kuipa mabaki ya bukari na mifupa ya samaki. Mchana inakaa kwenye mnyororo wa metre moja chini ya mwembe. Usiku tunaifungua, lango halifungi vizuri, inapita. Mbwa ambayo maisha yake yote ni ile metre moja haijui watu, haijui mbwa zingine, haijui mtoto anayekimbia. Siku inatoka, inauma. Tusiseme ni shetani. Tumeitengeneza sisi wenyewe.

Ndugu zetu walioko Bruxelles, mji ambao mvua yake haina msimu, wanatueleza kwamba kule kuna viwanja vyenye uzio: mbwa inafunguliwa ndani, mwenyewe anasimama palepale, anaokota mavi yake na sashe. Hatuombi Bruxelles. Tunaomba pembe moja ya wazi kwa kila komini, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, yenye uzio wa miti ya kupanda, ambapo mtu anaweza kufungua mbwa yake asubuhi na mapema bila kuhatarisha mtoto wa mtu. Na palepale njo pawe mahali pa chanjo.

Tulizunguka komini zote nne, kila mara nyuma ya mvua kubwa, kwa sababu kiwanja cha mwezi wa saba kinadanganya. Mwezi wa saba kila mahali ni pakavu na pazuri. Uende mwezi wa kwanza ndio utajua. Tulichojifunza ni hiki.

Kwanza, maji yapite. Penye maji ya kusimama, mkojo wa panya na wa mbwa unabakia ndani, na ugonjwa unaingia kwa mtu kupitia kidonda cha mguu. Mavi ya mbwa kwenye udongo wenye unyevu yanaacha minyoo inayopenya ngozi ya mtoto asiye na viatu. Kwa hiyo tuchague mteremko mdogo. Lakini si ukingo wa korongo: pale mvua mbili zinatosha kubeba uzio wote.

Pili, mbali na mifereji inayotoka kwenye viwanda na machimbo. Sisi ni mji wa madini, mvua inabeba vumbi yake hadi chini, na mbwa inalamba miguu yake, kisha inalamba mkono wa mtoto.

Tatu, si kando ya masomo, si kando ya soko, na hasa si kando ya jalala. Mbwa tano kwenye takataka moja ni vita.

Nne, pasizidi dakika kumi na tano za kutembea. Hakuna mtu atapanda pikipiki na mbwa kwenye matope.

Tano, na hapa njo kuna neno lenyewe: pawe mahali pa watu wote, na karatasi ionyeshe hivyo.

Kila mmoja wetu anakumbuka kiwanja alichochezea mpira. Kimoja leo kina nyumba tatu na fondasioni ya nne. Aliyeuza hajulikani, aliyenunua anaonyesha karatasi, na watoto wanacheza barabarani, palepale mbwa zinapopita. Lakini sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 55, inasema wazi: ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mtu binafsi mpaka kwanza iondolewe rasmi kwenye yale matumizi. Siyo shefu wa kartie anayeamua peke yake mangaribi kwenye bia.

Mama wa sokoni, hili ndilo jibu letu. Nafasi isiyotumika inaliwa. Nafasi yenye watu ishirini kila asubuhi, na mbwa zao, haiuzwi kimyakimya. Leo tunalinda pembe ya mbwa. Kando yake kiwanja cha watoto kinabaki. Na kesho, mukihitaji mahali pa kuweka bomba la maji, patakuwepo.

Sasa chanjo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu 99% ya kichaa cha mbwa kwa watu kinatokana na mbwa, na kwamba ukichanja mbwa 70 kati ya 100, ugonjwa unakosa njia. Dalili zikishatokea kwa mtu, hakuna dawa: anakufa. Ndugu zetu wa Pemba walichanja mbwa, wakakifukuza kichaa. Kikarudi kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, wakakifukuza tena. Sisi si kisiwa, njia ya Kolwezi na Lubumbashi inapita hapa kila saa. Ndiyo maana chanjo ya mara moja haitoshi, na ndiyo maana mahali panapojulikana ni lazima. Hakuna timu itakayogonga lango kwa lango kwenye matope.

Hatukukubaliana mara moja hata sisi kwa sisi. Wenzetu wengine walisema: chanjo kwanza, kiwanja kisha, kwani kukusanya mbwa zisizochanjwa mahali pamoja ni kuwasha moto. Wako na haki, na tumewafuata. Hakuna mbwa itakayofunguliwa ndani bila karatasi ya chanjo. Tuanze na kiwanja kimoja, tukione kwa msimu mzima wa mvua, kisha tuhesabu.

Kwa hiyo tunaomba meri ya mji na maburgumestri wa komini zote nne:

1. Watangaze hadharani orodha ya nafasi zote za watu wote zilizobaki, kartie kwa kartie.
2. Wasimamishe kila ujenzi kwenye nafasi ambayo haikuondolewa rasmi.
3. Wachague kiwanja kimoja cha majaribio pamoja na wakaaji, nyuma ya mvua, siyo kwenye ramani tu.
4. Pamoja na waganga wa wanyama, waweke siku ya chanjo ya mbwa kila mwaka, tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kabla mvua haijaanza kukaza.

Katiba yetu, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tutahesabu siku, kama tulivyohesabu zile za mtoto wa jirani.

Na sisi wenyewe, bila kungoja meri: tutengeneze malango. Turefushe mnyororo. Mtu akiumwa, tuoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu mbio kwa muganga. Na mbwa, tuifunge, tusiiue.

Kaye za sahihi zitapita kartie kwa kartie Jumamosi hii, nyuma ya salongo. Kuja na kalamu. Kama uko na mbwa, iache nyumbani kwanza.