Bango Limelipiwa, Lakini Nani Ameangalia Boliti?

Wiki iliyopita bango lilianguka hapo stage yetu, huku Eastlands. Si yale makubwa ya barabara kuu. Ni lile la kawaida la duka, futi nane kwa nne, fremu ya chuma na turubai la plastiki limevutwa juu yake. Upepo ulikuja ule wa kabla ya mvua, wa kurusha vumbi na makaratasi. Upande mmoja ukang'oka, likabembea kidogo, halafu puu! Likatua juu ya mwavuli wa mathe anayeuza smocha. Bahati yake alikuwa ameinama kutafuta chenji kwa ndoo. Kachumbari yote ilimwagika, mwavuli kwisha, na yeye akabaki na mkwaruzo begani. Wasee walianza na kucheka, si mnajua Nairobi. Halafu tukaiinua ile fremu watu wanne na kicheko kikaisha.

Sasa hapa ndio stori inaniudhi. Duka lenye hilo bango lilifungwa kitambo. Aliyeingia baada yake anauza simu, na aliweka bango lake chini ya lile la zamani. Anasema alilikuta. Mwenye nyumba anasema yeye hukodisha chumba, habari za bango hajui. Mwenye bango alihama na namba yake haishiki. Kwa hivyo mathe amejinunulia mwavuli mwingine na maisha yameendelea.

Niliokota boliti moja. Imeliwa na kutu hadi imekonda katikati kama njiti. Fundi wa welding pale mtaani akanionyesha kitu sikuwa najua: zile bomba za mraba za fremu ziko wazi ndani, maji yakiingia hayatoki, na kutu inaanza kula kutoka ndani. Nje unapaka rangi, linang'aa, kumbe ndani ni maganda. Halafu upepo. Kasi yake ikiwa mara mbili, nguvu ya kusukuma bango inakuwa mara nne. Kwa hivyo hilo bango lenu lililovumilia miaka mitano ya upepo wa kawaida halijathibitisha chochote.

Na si eti hatuna sheria. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya matangazo ya nje na mabango tangu 2018. Kuanzia 2023 ada ya bango iliunganishwa kwenye leseni moja ya biashara, pamoja na zimamoto na afya. Hiyo mimi niliisifu, karatasi moja badala ya kuzungushwa dirisha hadi dirisha. Lakini tumefanya bango kuwa kitu cha kulipiwa tu. Mathe wa smocha anatakiwa kupimwa afya kila miezi 6 ndio aruhusiwe kuuza chakula. Chuma kinachoning'inia juu ya kichwa chake, mimi sijawahi kuona mtu amepanda ngazi kukipima.

Hong Kong, mji wenye mabango kama msitu, waliamua tangu 2013 kwamba bango la duka lililowekwa bila kibali linaweza kubaki, mradi mtaalamu alikague na kulipitisha, na arudie kila baada ya miaka 5. Sisi tunaweza kuanza na kidogo zaidi. Ukilipia leseni upya, tuma picha ya boliti na mahali fremu inashikana na ukuta. Simu kila mtu anayo. Na duka likifungwa, mwenye nyumba apewe siku 30 alishushe bango, la sivyo ni lake, pamoja na kesi yake.

Najua mtakachosema: Femi, unawapa kanjo njia nyingine ya kuomba chai. Hofu hiyo naielewa kabisa. Ndio maana ukarabati lazima uwe bure. Kama unabadilisha boliti au unachomelea fremu ileile, saizi ileile, mahali palepale, hakuna kibali kipya na hakuna ada. Mtu akiogopa kuonekana na ngazi, ataliacha lioze.

(Zile picha za kinyozi zilizochorwa ukutani, zenye vichwa vikubwa na shingo hakuna, ziachwe kabisa. Rangi haijawahi kuangukia mtu.)

Jana nilipita stage. Mathe amesogeza meza yake hatua tatu kushoto, karibu na mlango wa duka la simu. Nikaangalia juu. Bango la simu limefungwa kwa waya upande wa kulia, na waya wenyewe ni ule wa kuanikia nguo. Nikamwambia. Akaniuliza, "Sasa kijana, nisimame wapi?"