Nyumbu havuki kwa kibali, mwanafunzi wake je?

Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja hutoka Serengeti, wakavuka hadi Maasai Mara, kisha hurudi mvua zinapoanza kunyesha kusini. Hawapangi foleni. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa wanyamapori anayewafuata ana safari nyingine kabisa, na mfanyabiashara wa Sirari ataielewa upesi kuliko waziri.

Njia ya Sand River, inayounganisha Mara na Serengeti, haipitishi watalii tangu mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, njia hiyo haikufunguliwa. Mwenye gari huwaona nyumbu ng'ambo ya mto, kisha huzunguka mbali hadi Isebania ili awafikie.

Hata hivyo, barabara si tatizo kubwa. Masomo yenyewe kwa kawaida huchukua miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa darasani: ikolojia, takwimu, ramani za kompyuta, sheria za uhifadhi. Wengine darasani humo ni askari na maofisa wa hifadhi walioomba ruhusa ya masomo, watu wenye familia na karo za watoto wao wenyewe. Mwaka wa pili ni wa porini, na hapo ndipo fedha huisha. Kuna mafuta ya gari, chumba cha kulala wageni kijijini, posho ya askari mwenye bunduki, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuhesabu vinyesi vya tembo peke yake kwa miguu hifadhini. Kila siku ya kungoja hula mtaji, kama nyanya zilizokwama kwenye lori.

Na kungoja kupo. Mkenya anayetaka kufanya utafiti Tanzania huomba kibali COSTECH, na kwa kuwa mada ni wanyamapori hupitia pia TAWIRI, kisha mamlaka ya hifadhi husika. Mtanzania anayekwenda Kenya huanzia NACOSTI, halafu taasisi za wanyamapori, na kwa Maasai Mara ipo pia serikali ya Kaunti ya Narok, ambayo ndiyo mwenye hifadhi. Maombi tofauti, ada tofauti, kwa wanyama wale wale. Mwanafunzi mwenye busara hukata swali lake nusu. Anasoma upande mmoja, anaandika tasnifu nzuri kuhusu mnyama aliyeishia mpakani, anavaa joho.

Hasara yake inaonekana Amboseli. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 392 tu, haiwatoshi tembo wake, hivyo huvuka hadi Enduimet, chini ya Kilimanjaro. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii. Tembo yule yule ni kivutio cha picha asubuhi na jioni anaweza kuwa windo halali. Tangu madume wenye pembe kubwa walipowindwa karibu na mpaka mwishoni mwa 2023, wahifadhi na wawindaji wamekuwa wakibishana. Ubishi wa aina hiyo unamhitaji mtu aliyewahesabu tembo hao pande zote mbili. Unamhitaji pia mkulima wa Rombo ambaye mahindi yake huliwa usiku, na mnunuzi wa Loitokitok anayeyasubiri magunia hayo.

Wafanyabiashara wadogo walipigania urahisi wakaupata, ingawa haujakamilika. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha uasili. Holili na Taveta wana kituo cha pamoja tangu 2016, Namanga tangu 2018. Kwa upande wa elimu, marais wa Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo halijafika porini.

Wapo wanaosema vibali vina sababu, na hawakosei. Sampuli za damu zimewahi kubebwa kwenda ng'ambo wenye wanyama wasione faida yoyote, na jangili hashindwi kujiita mtafiti. Lakini cheti cha dola 2,000 hakikuondoa ukaguzi wa lori la sukari. Sampuli zibaki na vibali vyake vikali. Kazi ya kuhesabu wanyama, kufuata nyayo na kuhoji wakulima, inayofanywa na mwanafunzi wa Jumuiya mwenye msimamizi mmoja kila upande, ipitie ombi moja na ada moja, ambayo COSTECH na NACOSTI watakubaliana kuitambua. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lililopo Kampala lina nafasi ya kuwaita mezani. Tume mbili zikianza, Uganda na Rwanda, ambazo sokwe wa milimani huvuka kati yao, zitakuwa na mfano wa kutazama.

Nyumbu hufika Mara kuanzia Julai hivi. Kibali kikitoka Novemba, wameshaondoka, na mwanafunzi anadaiwa ada ya mwaka mwingine.