Kujihami kwa Sanaa za Kijapani

Wapo wasemao kwamba sanaa za mapigano za Wajapani hazimfai tena mtu atakaye kuihami nafsi yake njiani, kwa hoja kwamba zimejaa kuinamiana na miondoko iliyopangwa tangu kale, ilhali mwizi wa usiku hainami wala hangoji. Na wapo wengine, hasa vijana, wanaouvaa mkanda mweusi kama hirizi. Naona makundi yote mawili yamekosea, na dalili ya kosa lao imo katika maisha ya Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki 1938.

Kano alikuwa na umbo dogo, akionewa na wenziwe shuleni, na mwaka 1877 akaanza kujifunza jujutsu kwa mwalimu Hachinosuke Fukuda, wakati ambapo sanaa hiyo ilikuwa imedharauliwa kwa kuwa daraja la samurai lilikwisha kuondolewa. Alipouliza mguu uwekweje na mkono uvuteje, mwalimu hakumpa maelezo marefu, bali alimbwaga tena na tena mpaka mwili ukafahamu. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo mmoja mwenye jisimu kubwa ambaye Kano hakumweza. Akajaribu mbinu za sumo, zisifae, akaenda maktaba kupekua vitabu vya mieleka ya Wazungu, hata akapata njia ya kumbeba mabegani na kumtupa, nayo ndiyo kataguruma itumikayo katika judo hadi leo. Basi huyu tumtukuzaye kuwa mhifadhi wa mila hakuona haya kuazima kwa wageni, maadamu mbele yake alisimama mtu asiyekubali kuanguka.

Mwaka 1882 akafungua Kodokan, shule yake ya judo, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, pahala penye mikeka 12 tu, na humo akatenda jambo ambalo, kwa rai yangu, ni kubwa kuliko mbinu zote alizozirithi: mapigo ya hatari aliyatoa katika mazoezi ya kushindana, akaifanya randori kuwa moyo wa mafunzo. Katika randori kila mmoja hushika ukosi wa mwenziwe kwa mkono huu na mkono wa koti lake kwa mkono ule, wakavutana, wakaviziana, kila mmoja akitafuta upenyo wa kumpiga ngwala mwenziwe au kumtia kabali. Pumzi hukatika, vidole hufa ganzi, na mbinu iliyokuwa nyepesi mwenzio alipotulia sasa hukataa katakata kutokea. Huko ndiko mtu anakojijua. Aliyezoea kila jioni kupambana na mwenye kukataa, hata kwa mbinu chache zisizoua, ana silaha iliyo bora kuliko ya yule aliyehifadhi mapigo mia ya kufisha ambayo hakupata kumpiga nayo yeyote.

Karate nayo, ambayo Gichin Funakoshi aliitoa Okinawa akaionyesha Tokyo mwaka 1922, ina kata zake, yaani miondoko iliyopangwa, zenye hazina ya maarifa, lakini kata peke yake haimzoeshi mtu hofu. Funakoshi alifundisha kwamba mwanakarate haanzi kupiga, na nasaha hiyo naiona kuwa nusu ya kujihami.

Fauka ya hayo, liko somo la kwanza la judo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni ukemi, yaani kuanguka: kidevu kikiwa kimebanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini, mgongo umepinda, na mkono mzima ukiupiga mkeka kwa kiganja kilichonyooka, ili kishindo kitawanyike. Aghalabu mtu hatashambuliwa umri wake wote, lakini atateleza bafuni au ngazini, na maarifa haya yatamnusuru.

Kuhusu kisu, nitasema wazi. Mwaka 1956 Kodokan iliweka mpango wa mbinu 21 za kujihami, zikiwamo za kumkabili mwenye kisu, rungu na bastola, nami nauheshimu. Walakini mwenye miguu na njia iliyo wazi, akimwona mwenye kisu, wajibu wake ni kukimbia.

Mzazi atakaye kumpeleka mwanawe kwenye mafunzo, namsihi aketi kwanza ukumbini jioni moja atazame: ikiwa wanafunzi hupambana kwa dhati, na mwalimu akiulizwa habari za kisu hujibu kwamba kukimbia hutangulia, amkabidhi mwanawe, na ikiwa kila mbinu hufaulu kwa sababu mwenzi hujiangusha mwenyewe, amshike mkono warudi nyumbani.